Wazimu wa Jumatatu, Akili za Jumatano

Sehemu ya 7

"Vua suruali ya mume wangu!"

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, na najua wengine mmenitukana siku saba mfululizo. Haya, yameisha, tuendelee.

Ni Jumatano asubuhi, sebuleni kwa Mmaserame, hapa hapa Galeshewe, Kimberley. Bibi wa miaka sabini na sita amesimama katikati ya zulia, kidole kimemwelekea daktari. Daktari amekaa kwenye kochi na koti lake jeupe, begi mapajani. Aliyemleta ni Oagile, mtoto wa kaka yake Mmaserame. Kando ya Oagile yuko mkewe Refilwe, ambaye ndiye mwenye mpango wote. Na karibu na sahani ya maandazi nipo mimi, jirani wa ukuta mmoja, nimeitwa niwe shahidi.

Wewe uliyeliokota gazeti leo tu, shika hili moja. Mwaka jana Mmaserame alisaini karatasi ya uwakilishi: siku akili yangu ikichoka, Oagile asimamie kila kitu changu. Oagile hakuwa na subira ya kungoja ichoke. Ameshapata mnunuzi wa nyumba, bwana mmoja anayetaka kuigeuza baa. Shangazi ametafutiwa kitanda kwenye nyumba ya wazee huko Upington, mbali na kila mtu anayemjua. Kilichobaki ni daktari kuandika kwamba bibi amerukwa na akili.

"Umemsikia, Daktari?" Refilwe akadakia. "Mume wake ana miaka mitatu kaburini, leo anaziona suruali zake kila mahali. Andika hapo!"

Daktari akaandika.

"Sizioni kila mahali," Mmaserame akasema. "Naiona moja, umeivaa wewe. Simama."

"Mama, tulia, hii ni hali ya kawaida kwa watu wa umri wako..."

"Simama, nimesema! Suruali hiyo niliipunguza urefu kwa mkono wangu. Uzi mweusi ukaniishia, nikamalizia na wa kijani. Mguu wa kushoto, ndani ya pindo."

Mimi ni shahidi, na shahidi kazi yake ni kushuhudia. Nikapiga goti, nikakunja pindo la daktari.

Uzi wa kijani!

Mnaijua mila yetu. Mwaka wa msiba ukiisha, nguo za marehemu zinagawiwa ndugu. Suruali ile alipewa Oagile, na sote tulikuwepo. Sasa ilifikaje kwenye miguu ya daktari bingwa kutoka Bloemfontein?

Mmaserame akamsogelea, akamvua miwani taratibu.

"Wewe si Thuso? Thuso fundi friji? Uliyenitengenezea friji, likawa linachemsha maziwa?"

Kijasho chembamba kikamtoka Thuso. "Mama, mimi nilivishwa na Oagile, nikaambiwa nikae tu, niwe naandika-andika."

Nikachungulia alichoandika. Alikuwa amechora mbuzi. Na alikuwa mbuzi mzuri tu, mwenye ndevu.

"Suruali," Mmaserame akasema, mkono ameunyoosha.

Sitawaeleza mengi, maana gazeti hili linasomwa na watoto. Thuso aliondoka na kitambaa cha meza kiunoni, mbio, na mbwa wa mtaa mzima nyuma yake.

Mwingine angeona haya. Oagile, mkavu wa macho yule, akajifuta uso na kuninong'oneza, "Daktari wa nini? Karatasi ya uwakilishi ninayo. Kiapo cha Jumatatu ninacho. Twende kwa wakili."

Kiapo cha Jumatatu? Ehee. Jumatatu majirani watatu walikwenda kituo cha polisi, wakaapa kwamba Mmaserame hana tena akili. Wa tatu kati yao ni mimi.

Msinitazame hivyo. Refilwe alikuja na bakuli la utumbo, umepikwa ukapikika, na mimi kuukataa utumbo kumenishinda tangu utotoni.

* * *

Wakili tuliyemwendea anaitwa Mma Mokgosi. Ni mama mfupi, hacheki ovyo, na anasoma karatasi mpaka nyuma kusikoandikwa kitu.

"Shangazi yako yuko katika hali gani?" akamuuliza Oagile.

"Amekwisha, Mma! Amekwisha kabisa!" Oagile akatoa leso. "Hanijui, hajijui. Leo amemvua mtu suruali."

"Kweli hiyo," nikasema. Ilikuwa kweli.

"Na hiki kiapo kimeliwa kwa hiari?"

"Kwa hiari na uchungu," Refilwe akajibu.

Mma Mokgosi akaifunga ile karatasi ya uwakilishi, akaisukuma mezani kumrudishia Oagile.

"Poleni sana. Basi karatasi hii imekufa."

"Imekufa vipi? Ina mihuri minne!"

"Hata ingekuwa na arobaini. Sheria ya nchi hii iko hivi: wewe unatenda kwa niaba ya shangazi yako kwa sababu yeye amekutuma. Akili yake ikiondoka, hawezi tena kukutuma. Siku hiyo hiyo madaraka yako yanakwisha."

Oagile akaishika karatasi kwa mikono miwili. "Lakini imeandikwa hapa! 'Siku akili yangu ikichoka'!"

"Aliyewaandikia hakujua sheria. Wengi wanafanya kosa hilo, na wanaligundua wakati maji yameshafika shingoni."

"Sasa inafanya kazi lini?"

"Akiwa na akili zake timamu."

Nilimwona Oagile akipiga hesabu kichwani, na kichwa kile hesabu haijawahi kukipenda.

"Yaani," akasema polepole, "akiwa mwendawazimu siwezi kuuza. Akiwa mzima, naweza?"

"Kama mwenyewe hajakukataza."

Refilwe akamkanyaga mguu. Oagile akaruka kitini.

"Mma Wakili! Tumekosea! Shangazi ni mzima! Ana akili kupita watu wote wa Kimberley! Ilikuwa huzuni tu iliyotuchanganya."

Mma Mokgosi akamtazama yeye, akakitazama kile kiapo, akanitazama mimi. Nikatazama dirisha.

"Mleteni hapa leo," akasema. "Nimwone mwenyewe. Na kiapo hiki mkirekebishe."

* * *

Huku kwetu karatasi isiyo na muhuri wa polisi ni ya kufungia maandazi. Ndiyo maana foleni ya muhuri kituoni ni ndefu kuliko foleni ya kushtaki wezi. Tukawaita wale majirani wawili, tukapanga mstari sisi watatu wale wale wa Jumatatu, na kalamu ile ile, Refilwe kando yetu.

Sajini alisoma mstari wa kwanza, akainua nyusi.

"Si ninyi mlioapa juzi kwamba bibi huyu hana akili?"

"Ni sisi, Sajini."

"Leo mnaapa anazo."

"Amepona, Sajini."

"Siku mbili?"

"Maombi," Refilwe akasema, macho juu.

"Amina," akasema Sajini, na muhuri ukashuka. Pa!

Oagile na Refilwe wakaingia dukani kununua keki ya kumbembelezea Shangazi. Mimi nikakata kona. Mdomo wangu hauna mlango, hilo mnalijua, na wanaonipa siri zao wanajitakia wenyewe. Nilimkuta Mmaserame anapiga pasi ile suruali. Nikammwagia yote, kuanzia utumbo mpaka muhuri. Alicheka mpaka akakaa chini, akaunguza hata kitambaa cha kupigia pasi.

"Kwa hiyo sasa wananitaka mzima?"

"Mzima kabisa, tena kwa kiapo."

"Haya. Waje wanione mzima."

Hodi ikapigwa. Oagile akaingia na keki, tabasamu limefika masikioni.

"Shangazi yangu! Mwenye akili zako!"

Mmaserame akampigia goti. "Karibu, Baba Askofu. Umekuja kuwabariki kuku?"

Tabasamu likaanguka. "Shangazi, jamani, usianze."

"Usipowabariki siendi popote, Baba Askofu."

Refilwe akamsukuma mumewe uani. Ndugu zangu, niliona kwa macho haya. Oagile alimbariki kuku mmoja mmoja, wote tisa, mkono juu ya kichwa, na wapita njia wakisimama ukutani kuitikia. Jogoo ndiye aliyemdonoa.

"Sasa akili zimenirudi," Mmaserame akasema, akavaa kofia yake ya kanisani. "Twendeni kwa huyo wakili."

* * *

Mma Mokgosi alimkalisha mbele yake, akamuuliza jina, akamuuliza anaishi wapi na tangu lini. Mmaserame akajibu bila kukwama.

"Leo ni siku gani, Mma?"

"Jumatano. Jumatatu nilikuwa mwendawazimu, si karatasi hiyo hapo mezani? Jana sijui nilikuwa nani, maana hakuna aliyeniapia."

Mma Mokgosi akakohoa, mkono mdomoni.

"Nami nina swali," Mmaserame akasema. "Mtu mwenye akili timamu, akiwa amempa mwenzake madaraka, anaweza kumnyang'anya?"

"Anaweza. Saa yoyote."

"Na watu watatu wameapa kwamba mimi ninazo?"

"Wameapa. Na muhuri upo."

"Basi namnyang'anya."

Akaichukua ile karatasi ya uwakilishi, pamoja na mihuri yake minne, akaichana mara mbili, akaichana tena.

"Ana wazimu!" Refilwe akapiga kelele. "Mnaona? Mwendawazimu huyu!"

"Kiapo mlicholeta kinasema sivyo," Mma Mokgosi akasema. "Saa tano kasorobo."

Loh! Nilitaka kupiga vigelegele. Lakini Mmaserame hakuwa anacheka. Alikuwa anavikusanya vile vipande mezani, kimoja kimoja, kama mtu anayefuta makombo.

"Wakili, usidhani mwaka jana nilisaini kwa ujinga," akasema. "Wiki ile nilitoka dukani na mkate, nikafika njia panda, nikasimama. Sikujua nyumbani ni kulia au kushoto. Mtaa nilioukaa miaka hamsini! Niliona aibu kuuliza. Nikangoja mpaka nikamwona mtu ninayemjua, nikamfuata nyuma nyuma mpaka mlangoni kwangu."

Akavisukuma vile vipande pembeni.

"Imenitokea tena mara tatu. Inakuja, inaondoka. Naogopa, mwanangu, sitakudanganya. Oagile nilimchagua mimi, kwa sababu nilimlea mimi tangu ana miaka minne. Nilijua siku nikipotea atanishika. Yeye akaniona nimeshapotea, akatafuta wa kuninunua."

Oagile akainamisha kichwa. Masikio yalikuwa yamemwiva.

"Sitaki kufa Upington na watu nisiowajua. Nataka kufa kitandani kwangu, nikimsikia huyu mbea anagombana na mke wake ukutani. Kuna njia, au hakuna?"

"Ipo," Mma Mokgosi akasema, akavuta kiti karibu. "Nyumba yako uiweke chini ya wadhamini. Tunaandika masharti: wewe unakaa humo mpaka siku yako ya mwisho, na hakuna wa kukuhamisha wala wa kuuza. Hiyo haifi hata akili ikiondoka. Lakini lazima usaini ukiwa unajua unachokifanya."

"Na nikichelewa?"

"Ukichelewa, sina la kukusaidia. Itabidi Mahakama Kuu ikuteulie msimamizi. Na mahakama ikitafuta msimamizi, kwanza inamtazama ndugu wa karibu."

Sote tukamtazama ndugu wa karibu. Kwa mara ya kwanza tangu tuingie, Refilwe alitabasamu.

"Andika sasa hivi," Mmaserame akasema. "Sitoki hapa bila kusaini. Mdhamini mmoja uwe wewe. Wa pili ni huyu."

Kidole kilinielekea mimi. Nikageuka nyuma kumtafuta anayeoneshwa. Kulikuwa na kabati.

"Mimi? Mama, mimi niliapa kwamba una wazimu!"

"Kwa bakuli la utumbo, na ukaja kunisimulia mwenyewe. Mtu mwingine akiniibia, nitagundua baada ya miaka. Wewe ukiniibia, utakuja kunieleza kabla chai haijachemka."

Sijawahi kusifiwa vibaya namna ile, na sijawahi kuona fahari namna ile.

* * *

Mma Mokgosi alikaa saa nzima akiandika. Alitusomea kila sharti, na kila sharti Mmaserame alilitolea swali. Moja alilikataa, likaandikwa upya. Kuku nao waliingizwa kwenye masharti. Akili yake ilikuwa inameta kama sufuria iliyosuguliwa.

Oagile hakuondoka. Refilwe alimvuta shati mara mbili, akabaki amekaa mkono wa kulia wa shangazi yake. Mimi nilikuwa kushoto.

"Haya, Mma," wakili akasema. "Saini hapa chini."

Mmaserame akapokea kalamu, akaishusha mpaka kwenye karatasi. Ikasimama.

Akaiinua tena, akaitazama mbele na nyuma.

"Hiki ni cha nini?" akauliza.

Tukacheka! Mimi ndiye niliyecheka zaidi, nikagonga meza. Mtu aliyemfanya Oagile abariki kuku tisa, unadhani atakosa mchezo wa kufungia kazi? Hata karani aliyekuwa mlangoni alicheka.

Kisha nikauona mkono wake mwingine.

Chini ya meza, ulikuwa umemkamata Oagile. Umemkamata vidole kwa nguvu zote, mpaka vimegeuka rangi. Nikayatazama macho yake. Yalikuwa ya mtu aliyeamka kwenye nyumba ya ugenini. Nikaacha kucheka.

"Oagile," akanong'ona, "hawa watu wanataka nini?"

Nilisikia mimi na alisikia Oagile. Na Refilwe, aliyeinama nyuma yao, alisikia kila neno.

"Sema!" akamfinya mumewe mgongoni. "Mwambie wakili! Mwambie sasa hivi!"

Maneno matatu tu yalitosha. "Hajui ni kalamu." Oagile angeyasema hayo, pasingekuwa na saini wala wadhamini. Ingebaki Mahakama Kuu na ndugu wa karibu, na nyumba ingekuwa baa, na Shangazi angekuwa Upington. Nilitaka kumziba mdomo kwa kiganja, nikashindwa hata kunyanyua mkono.

"Kuna tatizo?" Mma Mokgosi akauliza. Alikuwa ameacha kutabasamu.

Oagile akautazama ule mkono uliomshika, akautazama muda mrefu.

"Hakuna, Mma Wakili," akasema, na sauti ikamkatika katikati. "Anasema kalamu ni nzito. Apewe nyepesi."

Refilwe akamwachia shati. Alimtazama mumewe kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana.

Mma Mokgosi hakutoa kalamu nyingine. Alivua miwani, akaiweka juu ya karatasi, pale pale penye nafasi ya saini.

"Asante, Bwana Oagile. Lakini wewe sikukuuliza." Akamgeukia bibi, akaishusha sauti. "Mama. Niambie mwenyewe, kwa mdomo wako. Umeshika nini, na unataka kukifanyia nini?"

Mmaserame akaitazama kalamu.

Kisha akamgeukia Oagile, bado amemshika mkono, akamtazama usoni, akatulia, akingoja amjibie.